Uji wa Mwalimu Gitari

Kila asubuhi, lango la kijiji lilipofunguliwa, msichana Rwamba alikwenda mtoni kuteka maji pamoja na wanawake, na askari wenye bunduki wakiwafuata nyuma. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na wapigania uhuru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewatoa watu wa Kibugu mashambani mwao na kuwasonga katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki. Baba yake Rwamba alikuwa kizuizini Manyani. Mama yake, Nelius, alishinda akichimba handaki kwa lazima, bila ujira, na kwenda shambani aliruhusiwa kwa muda mfupi tu. Chakula hakikutosha. Rwamba alimwachia mdogo wake Njuki sehemu yake, kisha akaenda shule.

Huko shuleni alikuwapo Mwalimu Gitari. Alikuwa amesomea ng'ambo jinsi mwili wa mwanamichezo unavyofanya kazi: moyo, pumzi, misuli na chakula. Sasa aliwafundisha watoto mbio. Kabla ya mazoezi alimshika kila mmoja mkono, akapima mapigo ya moyo, akamwuliza amekula nini. Ambaye hakuwa amekula hakuruhusiwa kukimbia.

"Viazi na maharagwe," Rwamba alijibu kila siku.

Aliogopa kuachwa. Msichana ambaye angeshinda mbio ndefu mjini Embu angepata nafasi katika shule ya bweni, mahali ambapo watoto walikula wakashiba.

Siku ya mashindano Rwamba alitangulia tangu mwanzo. Katika mzunguko wa mwisho akaanguka kifudifudi vumbini. Wenzake wakampita. Alipozinduka alikuwa hospitalini, na nafasi ya bweni ilikuwa imekwenda kwa mwingine.

Mwalimu Gitari aliketi kando ya kitanda. Rwamba alilia, akamweleza yote.

"Ulinidanganya," mwalimu alisema. "Mimi nami niliona miguu yako inavyokonda, nikanyamaza kwa sababu nilitaka ushinde. Nimesomea mambo haya. Kosa langu ni kubwa kuliko lako."

Juma lililofuata alikwenda kwa mkuu wa tarafa, Mzungu, kuomba uji kwa watoto wa shule. Mkuu huyo alimjibu kwamba uji ungepatikana iwapo Gitari angekubali kazi ofisini kwake ya kusimamia michezo ya wilaya. Serikali ilihitaji Mwembu msomi wa kuonyeshwa wageni. Gitari alijua watu wangemwitaje. Akakubali.

Uji ulianza kupikwa shuleni. Njuki, ambaye naye alikuwa ameanza shule, na wenzake wakanenepa. Lakini kijijini watu walimwita Gitari kibaraka. Nelius alipokutana naye njiani aligeuza uso, asiitikie salamu yake. Rwamba alimweleza mama yake mara nyingi uji ule umetoka wapi. Mama alisema mumewe yuko Manyani, na hawezi kumshukuru mtu anayekula meza moja na waliomfunga.

Hali ya Hatari ilipoondolewa, baba alirudi akiwa mgonjwa wa kifua. Hakumaliza mwaka. Rwamba naye hakukimbia tena. Tangu alipoanguka Embu, kila alipojaribu kifua kilimbana, na daktari akamkataza.

Gitari aliacha ofisi, akaingia katika siasa. Siku moja alikuja sokoni Kibugu kuomba kura. Watu walimzomea. Ndipo Nelius aliposimama, na kwa kuwa alikuwa mjane wa mfungwa, watu walimsikiliza.

"Simpendi mtu huyu," alisema. "Lakini mwanangu Njuki yuko hai kwa sababu ya uji wake. Mimi nitampigia kura."

Gitari alishinda kwa kura chache. Jioni ya siku ya matokeo Rwamba alimwuliza mama yake kama amemsamehe.

"Bado," mama alijibu. Akamvuta bintiye karibu. "Wewe nakulaumu kwa jambo moja tu. Njaa haikuwa aibu yako, mwanangu. Ilikuwa aibu ya waliofunga lango. Ulipoificha, uliwafichia wao, na mwili wako ndio uliolipa. Ukiumwa, sema. Ukiwa na njaa, sema ukweli, hata kama hakuna anayetaka kuusikia."