Mimi wa Ijumaa, Yeye wa Jumamosi

"We Kumi na Saba! Ile keki yako ya maboga ya Jumamosi nimeiota wiki nzima!"

Aliyesema hivyo ni Mzee Orville, shabiki wa hoki ya barafuni anayekaa nyuma yangu kila Ijumaa na kengele ya ng'ombe mapajani. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeisha, ile mashine inazunguka kulainisha barafu, nami napuliza kahawa yangu. Nikageuka nikicheka.

"Keki gani, mzee?"

"Usijifanye hujui. Kule ugenini, Ferndahl! Ulinikatia kipande kinono, halafu ukapiga kelele mpaka sauti ikakukauka."

"Mimi sijawahi kukanyaga Ferndahl, Mzee Orville. Jumamosi niko zizini nakamua."

"Binti, macho yangu ni mabovu. Sura zenu zote naona ukungu mtupu. Lakini namba naziona. Kumi na saba, Halvorsen mgongoni. Ila siku ile ulivaa ya bluu. Leo umevaa nyeupe."

Kicheko kikaniishia mdomoni.

Hapa Tornby, chuo kidogo, mji mdogo, kila mtu anajua maana ya jezi. Msimu ukiisha, mchezaji hupewa jezi zake mbili zilizochakaa, nyeupe ya nyumbani na bluu ya ugenini. Ukimwona msichana kavaa jezi ya mchezaji, jua huyo ni mchumba wake, kiti chake kwenye familia kimewekwa. Tanner Halvorsen, namba kumi na saba wa timu yetu na mchumba wangu, alinivisha nyeupe kwa mikono yake mwenyewe, mama yake akiwa pale pale anapiga makofi. Nilipouliza ile ya bluu iko wapi, akaniambia, "Iko kwa babu. Ameiweka kwenye fremu, kaitundika ukutani."

Kumbe babu anaoka keki za maboga!

Na mwenzenu sikuwa nimempa huyo kijana muda wangu tu. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo kule St. Paul, nafasi niliyoililia tangu nikiwa mtoto wa kushika mkia wa ndama. Chuo kilitaka jibu baada ya siku kumi, siku ya Jumatatu. Na mimi, Britta Niemi, mwenye akili zangu timamu, nilikuwa nimeshaamua kukataa, kwa sababu Tanner alisema, "Ukienda huko miaka minne, mimi nitabaki na nani? Subiri msimu uishe. Juni tunafunga ndoa, tunahamia kwetu Duluth."

Kesho yake mchana nikampigia simu. Walikuwa ndani ya basi, wanakwenda kucheza ugenini.

"Tanner, nani alivaa jezi yako ya bluu kule Ferndahl?"

Nyuma yake nawasikia wenzake wanacheka.

"Nani kakwambia?"

Basi hapo hapo nikajua. Mtu asiye na kosa angeuliza, "Jezi gani?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Ni binamu yangu. Shayna. Mama ndiye aliyempa."

"Na babu?"

"Babu... babu aliichoka."

"Aliichoka! Akaivunjia fremu?"

"Britta, tafadhali. Tuko nafasi ya nne, zimebaki wiki tatu. Unataka niingie barafuni na mambo haya kichwani? Tutaongea baada ya msimu."

Baada ya msimu! Siku yangu ya kuzaliwa, baada ya msimu. Kuja kumsalimia baba yangu, baada ya msimu. Pete, baada ya msimu. Mtu anacheza hoki ya chuo ambacho hata mkoa wa jirani hawakijui, lakini mimi niishi maisha yangu kwa ratiba yake!

Baadaye ikaingia meseji:

"Vumilia laazizi. Wewe ndiye barafu ninayosimama juu yake. Baada ya msimu ni mimi na wewe tu."

Na nyingine chini yake:

"Halafu Jumamosi ijayo usihangaike kuja. Najua una zamu ya ng'ombe."

Sijawahi kuona mwanamume anajali ng'ombe wa watu kiasi hicho.

Nikamfuata kaka yangu Eino kwenye zizi.

"Kaka, Jumamosi nishikie zamu yangu."

"Kuna nini?"

"Kuna usiku wa dubu chuoni."

Eino akaniangalia. Si mtu wa maneno mengi. "Nenda. Lakini ukirudi unalia, huyo mtelezaji nitamfuata na koleo la mavi."

Usiku wa dubu ni mara moja kwa msimu. Kila shabiki anakuja na mdoli wa dubu, na timu yetu ikifunga bao la kwanza, wote tunarusha midoli barafuni. Wachezaji wanaiokota kwa mikono yao, inapelekwa kwa watoto waliolazwa hospitali. Ni siku ninayoipenda kuliko zote, na kwa miaka miwili Tanner alikuwa ameniaminisha kwamba siku hiyo ng'ombe wananihitaji zaidi.

Nikavaa jezi yangu nyeupe. Nikabeba dubu wangu. Nikaingia jukwaani.

Kwenye kiti changu, juu ya blanketi jekundu ambalo mimi nililifuma kwa ajili ya mama mkwe mtarajiwa, alikaa msichana mwenye nywele fupi nyeusi na jezi ya bluu, namba kumi na saba. Anakula maharage ya nyama kutoka kwenye bakuli la Mama Marlys. Na Mama Marlys mwenyewe, mzazi wa Tanner, amemkumbatia mabegani kama alivyonikumbatia mimi jana yake, Ijumaa.

Aliponiona, kijiko kilimponyoka.

"Britta! Jamani! Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe wana Eino, mama. Wewe una nani hapo?"

"Mwanangu, twende pale kwenye kahawa tuongee."

"Sina kiu." Nikamgeukia yule msichana. "Hujambo, binamu."

Akaniangalia kifuani, akaona namba. Akaacha kutafuna.

"Binamu wa nani?"

"Wa Tanner. Wewe si Shayna?"

"Ni Shayna. Lakini mimi si binamu wa mtu hapa. Mimi ni mchumba wake. Juni tunafunga ndoa."

"Juni?"

"Juni. Halafu tunahamia Duluth."

Mungu wangu! Hata mji hakubadilisha!

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kumng'oa mtu nywele, nisiwafiche. Lakini nilipoona jinsi alivyoitazama namba yangu, kisha yake, nikaona mtu aliyelishwa sumu ile ile kwenye sahani ile ile. Nikakaa kando yake.

"Dada, mbona sijawahi kukuona hapa?"

"Ijumaa niko zamu hospitali. Mimi ni muuguzi. Nakuja Jumamosi tu, nyumbani au ugenini."

"Na mimi Jumamosi nakamua. Nakuja Ijumaa tu."

Tukatazamana. Kijana alikuwa ametugawa kwa ratiba ya ligi!

"Mimi aliniambia jezi nyeupe ilichanika," Shayna akasema polepole.

"Mimi aliniambia ya bluu iko kwa babu."

"Babu gani? Babu yake si alishakufa?"

Nikamgeukia Mama Marlys. Akainamia bakuli lake kana kwamba maharage yamemwita.

Shayna akatoa simu. "Hebu nisomee alichokuandikia juzi juzi."

Nikamsomea. Naye akanigeuzia kioo cha simu yake. *Vumilia laazizi. Wewe ndiye barafu ninayosimama juu yake. Baada ya msimu ni mimi na wewe tu.*

"Hii barafu ni nene," Shayna akasema huku machozi yanamshuka. "Imebeba wangapi?"

Hapo nikashindwa kujizuia.

"Mama Marlys, wewe ni mwanamke mwenzetu. Ijumaa unanipa mimi maharage, unaniita mkwe. Jumamosi unampa mwenzangu maharage hayo hayo, unamwita mkwe. Ungetuambia lini? Kanisani?"

"Punguzeni sauti, watu wanasikia."

"Wasikie!"

"Ninyi hamjui maisha ya mchezaji," akasema, na safari hii hakuwa na haya hata kidogo. "Mwanangu anahitaji utulivu. Ningesema nini katikati ya msimu? Angechagua mwenyewe msimu ukiisha. Mimi nilikuwa nawapenda wote wawili."

"Unatupenda!" Shayna akasimama. "Niliacha kazi nzuri niliyopewa mjini Madison kwa ajili yake. Na wewe ndiye ulinishauri niache!"

Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita mama huyu huyu alinishika mkono akaniambia, "St. Paul ya nini, mwanangu? Udaktari wa ng'ombe hauzai watoto."

Wachezaji wakaingia, kelele zikapanda, mchezo ukaanza. Hatukuondoka. Tulikaa bega kwa bega, nyeupe na bluu, dubu wawili mapajani. Mzee Orville nyuma yetu akafuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Jamani. Leo nawaona Kumi na Saba wawili. Macho ndiyo yamekwisha kabisa."

"Macho yako mazima, mzee," nikamwambia. "Sisi ndio tulikuwa vipofu."

Kipindi hakijafika katikati, kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikamwangukia Tanner mbele ya lango. Namjua, hapo hakosi. Akakisukuma chini ya mguu wa kipa, taa nyekundu ya bao ikawaka, ukumbi mzima ukasimama na dubu wakaanza kuruka.

Tanner akifunga ana kawaida moja. Hugeuka, akanyoosha gongo lake la kuchezea kuelekea jukwaani, kwangu. Ijumaa zote alininyooshea, nami nikayeyuka kama siagi. Usiku ule naye aligeuka, gongo likapanda, na pale lilipoelekea akatukuta wawili tumesimama.

Gongo lilibaki hewani. Halikujua liende wapi.

"Unafikiria ninachofikiria?" Shayna akaniuliza.

"Vua."

Tukavua. Ndani tulikuwa na masweta yetu, hatukuvunja heshima ya mtu. Tukawarusha kwanza dubu, maana watoto wa hospitali hawana kosa. Halafu tukazikunja zile jezi, tukazirusha kwa nguvu zote za mkono wa mkamuaji na mkono wa muuguzi. Nyeupe ikatua, bluu ikatua juu yake.

Wachezaji wakaanza kuokota dubu. Walifika kwenye zile jezi, wakasoma mgongoni, wakarudi nyuma. Hakuna aliyegusa. Mwamuzi akamwita Tanner kwa kidole, akamwonyesha pale chini. Watu wote wa Tornby, waliomjua yeye na mimi, na wale wa Jumamosi waliomjua Shayna, wakamwangalia anainama kuokota jezi zake mbili mwenyewe. Kisha mtu mmoja akaanza kuzomea, wakafuata wengine, mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Na huyo ndiye aliyetufungia bao!

Baada ya mechi alitukuta kwenye korido, nywele zimelowa, jezi kazibana kwapani.

"Mmeniaibisha! Mbele ya kocha, mbele ya chuo kizima! Katikati ya msimu!"

"Tumekurudishia mali yako," nikasema.

"Britta, nisikilize. Mungu anajua, mwishoni ningekuchagua wewe."

Aliyasema hayo Shayna akiwa amesimama pale pale! Kisha akaona Shayna anavyomtazama, akamgeukia. "Shayna, na wewe usinielewe vibaya..."

"Kuchagua?" Shayna akamkatisha. "Sisi viazi vya sokoni, unatubonyeza bonyeza?"

"Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa!"

"Wewe?" Nikamsogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake, ile niliyomnunulia Krismasi. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. "Aliyechanganyikiwa angekosea siku, Tanner. Miaka miwili hujakosea hata mara moja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wewe zimekuponyoka zote."

Mama Marlys alikuwa mlangoni na sufuria yake. "Mtulie, wanangu, msimu ukiisha tutakaa chini kama familia..."

"Blanketi langu, mama," nikamwambia.

Akanipa. Nikaondoka nalo.

Nililia kwenye gari, sikatai. Shayna alikaa kiti cha pembeni akanishika mkono, naye analia. Nyumbani Eino aliniona, akaenda kuchukua koleo, ikabidi nimshike shati. Jumatatu asubuhi, kabla sijavua buti za zizini, nilipiga simu St. Paul nikawaambia nakuja.

Ijumaa iliyofuata nilirudi ukumbini. Mliodhani ningesusa mnanishangaza. Timu ile si ya Tanner, ni ya mji wetu, na mimi nilianza kuishangilia kabla yeye hajajua Tornby iko wapi. Kocha alikuwa amemweka benchi, anasubiri kama mzigo. Nikakaa kwenye kiti changu na koti langu la kahawia, nikamgeukia Mzee Orville, nikampa kipande cha keki ya maboga kilichofungwa vizuri.

"Ametuma Shayna. Anasema Jumamosi atakuletea kingine."

Mzee akakinusa, akatabasamu, kisha akanyoosha shingo kunichungulia mgongoni.

"Jezi iko wapi? Sasa binti, bila namba mimi nitakujuaje?"

"Kwa jina langu, mzee. Naitwa Britta."

"Britta," akarudia taratibu, kama anayelionja pamoja na ile keki. "Miaka miwili umekaa mbele yangu, sijawahi kukuuliza."

"Hukuwa peke yako, mzee. Kula keki, wanaanza."