Waya Mahali pa Fyuzi

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, Bisibisi alisimama mbele ya vani ya mama yake, shuka limemfunika mabega, akizitazama taa. Mama, akiwa ndani kwenye usukani, aliwasha. Bisibisi alisema kwa sauti, "Zote mbili!" Ndipo Mama alipotia gia na kuondoka.

Jina la Bisibisi alipewa na bibi yake. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua redio ya nyumbani, akaisafisha, akairudishia ikasema vizuri kuliko mwanzo, ingawa skrubu tatu zilimbaki mkononi. Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka. Sasa Bisibisi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kila kitu kilichoharibika pale nyumbani kiliwekwa mbele yake kwanza.

Mama alikuwa akiwachukua wauguzi sita kutoka mtaa wa juu kilimani na kuwapeleka hospitali, chini mjini, wawahi zamu ya asubuhi. Gari lilikuwa kuukuu. Kiti kimoja kilishonwa kwa uzi wa gunia, na mlango wa pembeni haukufunguka kwa ndani. Ilikuwa lazima mtu ashuke mbele, azunguke, awafungulie abiria. Barabara yenyewe ilikuwa mteremko wa kona tupu, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Msimu ule ukungu ulikuwa ukishuka kila alfajiri, mzito, mweupe, ukameza hata mti uliokuwa hatua kumi mbele. Bila taa, dereva alikuwa sawa na kipofu.

Jumatatu moja Mama aliwasha taa, na Bisibisi hakusema kitu.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Hakuna hata moja, Mama."

Fyuzi ilikuwa imeungua. Mama aliweka nyingine iliyokuwa kwenye kisanduku, taa zikawaka, akaenda kazini. Lakini jioni ile ile zilizimika tena, akapeleka gari kwa fundi umeme, Bisibisi akiwa naye.

Watu walimwita Fundi Polepole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alivaa miwani iliyofungwa kamba nyuma ya kichwa.

"Shikamoo, Fundi," Bisibisi alisalimu.

"Marahaba, fundi mwenzangu. Leo tumeletewa nini?"

Mama alieleza. Fundi aliitoa fyuzi iliyoungua, akaiinua kwenye mwanga. Ndani yake kile kiuzi chembamba cha chuma kilikuwa kimekatika, na kioo kimekuwa cheusi.

"Fyuzi haiungui bure," alisema. "Kuna waya mahali fulani imechubuka. Gari likitikisika, inagusa bodi, tunaita shoti. Niachieni gari siku mbili niitafute."

"Siku mbili! Na wauguzi nitawabeba mgongoni?"

"Haraka hiyo, mama, ipeleke kwa kinyozi. Mimi sinyoi." Wote walicheka. Mwishowe walikubaliana: Mama angemletea gari Jumamosi, baada ya safari ya asubuhi. Fundi aliweka fyuzi mpya, kisha akampa Bisibisi tatu za akiba. Hapo hakucheka tena.

"Sikiliza. Hizi ni za kukufikisha Jumamosi tu. Zikiisha, gari halitoki. Usije ukaweka waya hapa, wala msumari, wala ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Ile aliyoiweka Fundi na ya kwanza ya akiba zote ziliungua Jumanne. Ya pili iliwekwa Jumatano asubuhi. Ya tatu Bisibisi aliibeba shuleni siku hiyo hiyo, kuwaonyesha wenzake kitu kidogo kinachoweza kuzima taa za gari zima. Ilipita mkono hadi mkono, kila mmoja akiichungulia. Kengele ikalia, watu wakakimbilia darasani, na fyuzi haikurudi. Alitambaa chini ya madawati hadi magoti yakawa meupe kwa vumbi. Hakuiona.

Alhamisi alfajiri, taa hazikuwaka.

Mama alikuwa bado ndani ya nyumba, akifunga kilemba. Bisibisi aliinama chini ya dashibodi, akatoa fyuzi ya pili. Ilikuwa imeungua. Angesema nini? Kwamba wauguzi sita wasimame kwenye baridi kwa sababu yeye alitaka kusifiwa shuleni? Kwenye kopo lake la vifaa palikuwa na kipande cha waya ya shaba, kinene kama njiti ya kiberiti.

"Siku mbili tu," alijiambia kwa sauti ndogo. "Jumamosi Fundi atatengeneza."

Akakipachika kile kipande mahali pa fyuzi. Cheche moja ndogo ikaruka. Taa zikawaka.

Mama alitoka, funguo mkononi. "Umeweka ile ya tatu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe ningekwama."

Bisibisi alilitazama gari likipotea katika ukungu. Taa zake nyekundu za nyuma zilionekana kidogo, kisha nazo zikamezwa.

Jioni hiyo Mama aliporudi alisimama kando ya gari akinusa hewa.

"Nani anachoma plastiki?"

Hakuna jirani aliyekuwa akichoma kitu. Bibi, aliyeketi mlangoni na mkongojo wake, alisema labda upepo umetoka mbali. Bisibisi alijifanya anafagia. Alipopata nafasi aliingiza mkono chini ya dashibodi. Plastiki ya pale ilikuwa na uvuguvugu, kama paji la uso la mtu anayeanza homa.

Ijumaa harufu ilizidi. Redio ya gari ilikwaruza, ikanyamaza, haikusema tena. Mama alisimulia wakati wa chakula kwamba kila alipopita kwenye shimo, taa zilififia kufumba na kufumbua, kisha zikarudi.

"Lakini hazijazimika," aliongeza. "Fyuzi hiyo ya mwisho ni ngumu kweli. Nimempigia Fundi, nimemwambia tusubiri hadi wiki ijayo. Kesho Bibi ana miadi ya daktari, nimpeleke na kumrudisha. Gari nitalihitaji."

Bisibisi alirudisha tonge sahanini. Jumamosi, siku aliyokuwa akiihesabu kama mkombozi wake, ilikuwa imefutwa, na aliyeifuta ni uongo wake mwenyewe.

"Mama..."

"Nini?"

"Si kitu."

Bibi alimwangalia kwa muda. Usiku huo Bisibisi alilala macho wazi. Mara mbili aliinuka kitandani, akafika hadi mlango wa chumba cha mama yake, akaweka mkono kwenye kitasa. Mara mbili alirudi. Alijiambia angeitoa ile waya alfajiri kabla Mama hajaamka, lakini usingizi ulimchukua dakika za mwisho, na aliposhtuka alisikia injini ikinguruma nje.

"Amka, mvivu!" Mama aliita. "Leo unakwenda na bibi yako umshike mkono."

Hivyo ndivyo Bisibisi alivyojikuta kwenye kiti cha mbele, katikati, Mama kulia kwake na Bibi kushoto. Nyuma waliingia wauguzi sita katika sare zao nyeupe, wakapiga soga kidogo, kisha mmoja mmoja wakasinzia. Mlango wa pembeni ulifungwa kwa nje, gwa!

Walianza kuteremka. Ukungu ulikuwa umesimama mbele yao kama ukuta. Mama aliendesha taratibu, ameinamia usukani. Gari likaingia shimoni; taa zikafifia, zikarudi. Shimo jingine, zikafifia tena, safari hii zikachelewa kurudi. Ile harufu ikapanda, kali, yenye kuwasha pua. Bibi alikohoa.

"Fungua kioo kidogo, Mama," alisema muuguzi mmoja kutoka nyuma. "Kuna kitu kinanuka."

Bisibisi alihisi joto kwenye magoti yake. Lilikuwa likitoka chini ya dashibodi. Alitazama nyuma: vichwa sita, na mlango usiofunguka kwa ndani. Alitazama miguu ya bibi yake, iliyovimba, isiyoweza kuruka wala kukimbia. Woga wa kugombezwa, aliokuwa nao siku tatu, ukawa mdogo ghafla mbele ya woga mwingine.

"Mama, simamisha gari!"

"Hapa? Tuko kwenye kona."

"Simamisha, Mama! Sikuweka fyuzi. Niliipoteza shuleni. Nimeweka waya tangu Alhamisi. Magoti yananiungua!"

Mama alikata usukani papo hapo. Alilisogeza gari hadi karibu na ukuta wa mawe, akavuta breki ya mkono. Wakati huo huo uzi mwembamba wa moshi ulichomoza kando ya redio, ukajikunja, ukafuatwa na mwingine mnene zaidi.

"Shuka! Wafungulie!"

Mama alizima taa na injini, akaruka nje. Giza likawaangukia. Bisibisi aliruka kupitia mlango wa dereva, akazunguka gari akipapasa, akashika kitasa cha mlango wa pembeni na kuvuta. Mlango ulikwama. Ndani mtu alipiga kelele. Akaweka mguu kwenye bodi, akavuta kwa uzito wake wote, mlango ukateleza.

"Tokeni! Bibi hawezi kushuka, msaidieni Bibi!"

Wauguzi walimwinua Bibi kama walivyozoea kuwainua wagonjwa, wakamkalisha mbali kwenye mawe. Mama alikuwa ameshafungua boneti. Alizungushia mkono kitenge, akavuta waya ya betri hadi ikachomoka. Moshi uliendelea kutoka, mweusi, ukinuka vibaya. Walisubiri waone kama moto utafuata.

Kisha, juu yao katika ukungu, walisikia mngurumo. Lori lilikuwa likiteremka.

"Gari letu halina taa," alisema muuguzi aliyekuwa mkubwa wao. "Hatatuona!"

Walikimbia kupanda kilima, wakijibana kwenye ukuta, sare nyeupe zikipepea, wakapunga simu zilizowashwa tochi. Bisibisi alikimbia nao akipiga mayowe hadi sauti ikamkauka. Honi ililia. Breki zilipiga kelele ndefu. Lori lilitokea kutoka kwenye weupe ule kama jabali, likapepesuka, likasimama hatua chache tu kutoka nyuma ya vani.

Dereva wake alishuka, akakaa barabarani, akashika kichwa.

Moto haukuwaka. Dereva wa lori, alipopata nguvu, aliwachukua wauguzi na Bibi hadi hospitali, na baadaye vani ilivutwa kwa kamba hadi kwa Fundi Polepole. Njia nzima Mama alishika usukani akiitazama kamba tu, na Bisibisi angeona afadhali achapwe.

Fundi aliifungua dashibodi. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka na kushikana, nyeusi kama utambi. Kile kipande cha shaba kilikuwa kizima kabisa. Akakiweka kwenye kiganja cha Bisibisi.

"Kiangalie. Hakikuungua, na hilo ndilo kosa lake. Fyuzi imewekwa ife mapema. Inakata umeme, inakwambia: mwenye gari, kuna ubaya ndani. Wewe uliinyamazisha, na umeme ukaendelea kupita hadi nyaya zenyewe zikawa kuni. Ungekaa kimya dakika tano zaidi, tusingekuwa tunaongea hapa."

Kisha akampa taa ndogo ya kupimia yenye nyaya mbili, akamwambia atafute ile shoti. Bisibisi alitafuta tangu asubuhi hadi jua likaegemea magharibi, waya moja baada ya nyingine, Fundi akiwa nyuma yake asimpe hata dokezo. Hatimaye, nyuma ya taa ya kushoto, mahali ambapo waya ilipita juu ya ukingo wa bati, aliona mchubuko. Haukuzidi punje ya mchele. Ndani yake shaba ilikuwa ikimeremeta.

"Hii hapa," alisema, na machozi yakamtoka.

"Ndiyo hiyo," alisema Fundi.

Kazi ya kubadilisha nyaya ilichukua siku nne. Siku hizo zote wauguzi walitembea kwa miguu, na Bisibisi alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaomba radhi, peke yake, kama alivyoagizwa na mama yake. Wengine walimkumbatia. Mmoja, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani, alimsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Huyo ndiye Bisibisi alimfikiria zaidi.

Jioni ya siku ya nne Mama alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, akaketi kando yake.

"Umenikasirikia kwa sababu ya waya?" Bisibisi aliuliza.

"La. Waya ni ujinga, na ujinga unafundishika. Fyuzi kupotea nayo si kitu, ningenunua nyingine. Kilichoniumiza ni ile 'ndiyo, Mama'. Nilibeba watu wanane juu ya neno lako, mwanangu. Niliahirisha kwenda kwa fundi juu ya neno lako. Mtu akikuamini, anakaa juu ya ulichomwambia kama anavyokaa kwenye kiti, hatazami chini."

Bisibisi aliinamisha kichwa.

"Lakini jambo moja nataka ulijue," Mama aliendelea, akimwinua kidevu. "Mle ndani ya gari ulikuwa unaogopa, na bado ulisema. Ulichelewa siku tatu, hukuchelewa dakika tano. Kosa ukilisema siku ya kwanza, linakugharimu aibu. Ukilificha, linakua hadi lidai roho za watu. Basi ukikosea tena, na utakosea kwa sababu wewe ni binadamu, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Hata kama nimelala."

"Nitakuamsha, Mama."

"Niamshe," alisema Mama. "Sitachukia."