Vibao vya Colleen Amesema Ndiyo

Everett Pruitt alikutwa amelala kifudifudi kando ya barabara ya changarawe. Kofia yake ilikuwa imeviringika hadi kwenye seng'enge, na umande ulioganda ulikuwa umempaka weupe mabegani. Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyemwona. Maskini, alidhani ni ndama.

Mpelelezi Norbert Fiala, wa polisi wa Kaunti ya Tarbell huko Dakota Kusini, alichuchumaa karibu na maiti bila kugusa kitu. Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni, la mviringo kama alama inayoachwa na kikombe mezani.

"Kifaa butu, kizito," alisema daktari wa uchunguzi. "Chuma. Pigo moja. Na si la jana, ni la alfajiri hii."

"Alipigwa kwa nyuma?"

"Kwa nyuma kabisa."

Basi hakumwogopa aliyesimama nyuma yake, Norbert akawaza. Alimpa mgongo kama mtu anavyompa mgongo jirani.

Everett hakuwa mtu wa kupita bila kuonekana. Alikuwa mgane, injinia wa madaraja aliyestaafu, mwenye sauti nzito tamu iliyowafanya kina mama wasahau mikate kwenye jiko. Alikuwa akigombea useneta wa jimbo. Kwa wiki nzima alizunguka na pikapu yake akisimika vibao kandokando ya barabara hii: PENDEKEZO LA NNE. MWENYEKITI COLLEEN AMESEMA NDIYO.

Asubuhi hii hakikuwa kimesimama hata kimoja. Vyote vilikuwa kwenye nyasi karibu na maiti, vimefungwa furushi.

"Hapa hakuna fumbo," alisema Clint Maddock, mkuu wa polisi wa kaunti. "Ni Lyle Bender. Hataki kusikia Pendekezo la Nne, huo ushuru wa mafuta tunaoupigia kura. Anagombea ukamishna kwa chama kile kingine. Na kwenye supu ya kanisani alimwambia Everett mbele ya watu kwamba atamng'oa kama gugu. Mkamateni."

"Kura ni Jumanne, Clint. Ukimtia ndani leo, umeshamshinda kabla hajapigiwa kura."

"Kama hana hatia ataachiwa."

"Baada ya Jumanne."

Maddock akavuta mkanda wa suruali juu. Naye ni mtu wa kuchaguliwa, na chama chake si cha Lyle.

Norbert alikuwa bado analitazama lile furushi. Huyu alilelewa na bibi aliyemlisha vitendawili pamoja na uji, na uzee haukumtoa ugonjwa huo.

"Kitendawili."

"Norbert, nina maiti hapa."

"Sema tega, bwana."

"Haya, tega!"

"Ninaye adui, kaja kunibomolea nyumba. Kila tofali alilolitoa, kalifuta vumbi, kalipanga vizuri."

"Sijui. Nakupa mji."

"Hata ukinipa mji, jibu sina. Tazama." Akaonyesha kwa kalamu. Vibao vilikuwa vimelazwa uso kwa uso ili rangi isikwaruzwe. Miguu yao ya waya ilipishana, mmoja huku mmoja kule, ili visipindane. Kamba ya kufungia nyasi ilizungushwa mara mbili, na ncha yake ikachomekwa ndani ili ukiivuta ifunguke bila kukatwa. "Lyle anavichukia hivi. Ya nini avitunze?"

"Ni mtu nadhifu," alisema Maddock, akaondoka kwenda kumkamata.

*

Lyle Bender nadhifu? Shati lake lilikuwa na yai la juzi. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano, mikono mikubwa kama koleo, macho yamevimba.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Zizini."

"Na nani?"

"Na ng'ombe. Waite watoe ushahidi."

"Ulisema utamng'oa kama gugu."

"Nilisema. Na wewe ulikuwepo ukinywa supu, ulicheka."

Kweli, Norbert alicheka. "Vile vibao uliving'oa wewe?"

"Mimi? Mzee, mimi ningevitaka chini ningevipitishia trekta, na ningerudi kinyumenyume nivipitie tena." Kisha akaiinua mikono yenye pingu. "Norbert, mke wangu amegonga milango ya kaunti nzima kuniombea kura. Leo nani atamfungulia? Watu watanikumbuka kwa pingu hizi mpaka nife."

 Norbert alijua kwamba kila saa Lyle anayokaa mle, jina lake linazidi kuoza nje.

*

Supu yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka wa uchaguzi, majani yakipukutika, watu wa vyama vyote hujaa ukumbi wa kanisa, wale supu ya kuku na mikate ya mdalasini. Wakishashiba, Colleen Rasmusson, mwenyekiti wa chama kikubwa pale kaunti, husimama na aproni yake na kusema maoni yake juu ya kila pendekezo na kila mgombea. Hasomi popote. Na watu humwamini, kwa sababu hata wa chama chake hawasitiri.

"Pendekezo la Kwanza, la walimu: ndiyo," alisema mwaka huu. "La Pili, la kuwaongezea wabunge muda: hapana. Aliyelala miaka yote hii tukimwongezea muda tunamwongezea usingizi. La Tatu sikulielewa, na aliyeliandika naona hakulielewa pia. Hapana. Mgombea wetu wa uweka hazina simpendi hata kidogo, lakini hesabu anazijua. Mpeni. Wa ujaji simjui, na nisiyemjua simsemei."

Watu walicheka, walipiga meza. Ndipo alipofika la Nne, la kuongeza ushuru wa mafuta ili madaraja yatengenezwe. Kila mtu alishajua jibu. Colleen na ushuru mpya ni paka na maji.

"La Nne," alisema, "nimebadili mawazo. Ndiyo."

 Lyle akaruka juu akaanza kumtukana Everett, maana Everett ndiye aliyekuwa akilipigia debe pendekezo hilo. Everett akatabasamu tu. Na Norbert alikumbuka kitu kingine, kidogo. Duane, mume wa Colleen, aliyekuwa akigawa mikate, alisimama na sinia mkononi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na sauti asiyoijua.

*

Colleen alimpokea mpelelezi jikoni, pua nyekundu kwa kulia. Duane alisimama kwenye jiko, amewapa mgongo, akikoroga sufuria isiyo na kitu cha kukorogwa.

"Karibu, shemeji," alisema bila kugeuka. Marehemu mke wa Norbert alikuwa binamu yake.

"Colleen, mlijuana vipi na Everett?"

"Kazi ya chama. Alikuja mara chache kunieleza habari za madaraja."

"Mara chache!" Duane aliiambia sufuria. "Muulize kahawa ya Everett ilitiwa sukari kiasi gani. Anajua."

"Duane, kila mgeni anayekuja hapa najua sukari yake. Hata ya Norbert naijua."

"Norbert hukumnunulia kikombe kipya."

"Kile cha zamani ulikivunja wewe!"

Norbert akakisogeza kikombe chake polepole, akakiangalia. "Vibao vya chama mnaviweka wapi uchaguzi ukiisha?"

"Ghalani kwetu," alisema Colleen. "Hatutupi kitu. Tunabandika karatasi mpya juu ya ya zamani. Watu wa kujitolea wanavileta wamevirundika kama kuni, halafu…"

"Halafu?"

Colleen alitazama mgongo wa mumewe, akafunga mdomo. Ni mwanamke mwenye akili, na akili ilikuwa imetangulia mbele ya ulimi.

"Nina vibao vyenu garini," alisema Norbert. "Vya mweka hazina wenu. Upepo umeviangusha kule kwenye njia panda. Duane, nisaidie tuvishushe."

*

Alivimwaga mbele ya mlango wa ghala makusudi, fujo tupu, miguu ya waya imeng'ang'aniana kama kaa kwenye ndoo. Kisha akaegemea gari na kuanza kusema habari za bei ya mahindi.

Duane hakuvumilia. Aliinama akakichomoa kimoja, akakifuta kwa kiganja, akakilaza. Cha pili akakilaza juu yake, uso kwa uso. Waya huku, waya kule. Huku akijibu habari za mahindi, mikono yake ilifanya kazi peke yake, kama mikono ya mama anayesuka nywele huku akipiga soga. Akachomoa kamba mfukoni, akaizungusha mara mbili, ncha akaichomeka ndani.

Norbert akaacha kusema habari za mahindi.

Moyo ulimuuma. Mtu huyu alibeba jeneza la marehemu mke wa Norbert.

"Kipigilio chako kiko wapi, shemeji?"

"Kipi?"

"Cha kupigilia nguzo za seng'enge."

Duane akaonyesha kwa kidevu. Ndani ya ghala kila kitu kilikuwa na vumbi: sepetu, minyororo, baiskeli ya binti yao aliyeolewa zamani. Kipigilio peke yake, lile bomba zito la chuma lenye mishikio miwili, kilikuwa kinang'aa. Kilisuguliwa kwa sabuni. Mdomo wake ulikuwa wa mviringo.

"Maabara itaona damu hata kama umekiosha," alisema Norbert. "Una haki ya kunyamaza, Duane. Una haki ya wakili. Umesikia?"

"Nimesikia. Sitaki wakili."

"Basi niambie."

"Sikwenda kumuua." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilikwenda kung'oa vibao. Wewe hukuviona kama nilivyoviona mimi. Kila nikienda mjini, kila nikirudi: Colleen amesema ndiyo. Colleen amesema ndiyo. Kila kona. Jina la mke wangu na ndiyo yake, na yule kavisimika kwa mkono wake, watu wapite wasome."

"Ni habari ya madaraja, Duane."

"Shemeji, mimi na yule mwanamke tumezeeka pamoja. Sijawahi kumbadilisha neno moja. Mlango wa jikoni niliutaka wa kijani, upo wa njano mpaka leo. Nilitaka tuhamie kwa kaka yangu, akasema hapana. Nikajiambia ndivyo alivyoumbwa, habadiliki, basi, namjua. Akaja bwana mwenye sauti nzuri, jioni moja tu akambadilisha! Jioni moja! Mimi nilikosa nini?"

"Everett akakukuta unang'oa."

"Akanikuta. Hakukasirika, hata hilo lilinichoma. Akacheka. Akasema, 'Colleen ni rahisi kumshawishi, Duane, ukijua namna ya kumwonyesha kitu.' Ananifundisha mke wangu! Kisha akageuka kuchukua vibao vingine garini. Kipigilio kilikuwa nyuma ya gari langu. Nilikinyanyua, nikampiga." Akaitazama mikono yake. "Halafu nikakimbia, furushi nikalisahau."

Norbert akatoa simu. "Clint? Mfungulie Lyle. Sasa hivi. Na umrudishe kwake wewe mwenyewe, na gari lako, upite katikati ya mji, umweke kiti cha mbele. Ndiyo, nimesema cha mbele."

Alipogeuka, Colleen alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, lakini uso wake ulisema amesikia ya kutosha.

"Hakunishawishi kwa sauti," alisema. "Alinipeleka chini ya daraja la Mto Plum, lile linalopitisha basi la watoto wa shule. Akaniambia nitazame juu. Palikuwa na tundu kwenye chuma, nikatia ngumi yangu yote, ikaingia. Ndicho kilichonibadilisha. Kutu." Akamgeukia mumewe. "Na siku ile nilikuja hapa hapa ghalani nikakwambia, Duane, twende wote. Umesahau?"

"Nilisema nina ng'ombe."

"Ulisema una ng'ombe. Ungekuja ungeona. Au hata ungeniuliza tu, jioni, tukila. Hukuniuliza! Ulikaa unahesabu vikombe."

Duane hakuinua uso. Norbert akatoa pingu, akazishika mkononi tu, hakuwa na haraka nazo.

"Mbona uling'oa?" Colleen akauliza. "Kama pendekezo hulitaki, si ungelipigia hapana? Karatasi ya kura ulitumiwa nyumbani kama mimi."

"Nilishapiga. Niliirudisha kwa posta kesho yake, baada ya supu."

"Ukasema nini la Nne?"

Duane akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Ndiyo," akasema. "Si wewe ulisema ndiyo?"