Kimya cha Soprano

Ijumaa asubuhi soko la mbuzi la Nizwa halina adabu. Mbuzi wanazungushwa kwenye duara, madalali wanapiga kelele, wazee wanabinya mbavu za wanyama kama madaktari, na vumbi linampaka kila mtu bila kumuuliza cheo. Ghadeer alikuwa akipita na buibui lake la zambarau na raba nyeupe pepe, nyuma ya bibi yake, Bi Ghaniya, mbuzi mweusi alipomkanyaga kidole gumba.

Mwengine angesema "Ai!" yakaisha. Ghadeer alikuwa soprano. Alikwenda Italia kusomea opera, kuimba kwa ile sauti ya juu kabisa inayofika viti vya nyuma bila kipaza sauti. Ai yake ilifika ngomeni.

"Kauzwa!" akasema dalali, aliyedhani bei imepandishwa. "Kwa dada wa zambarau!"

"Mie? Nimenunua nini?"

"Mbuzi wangu," akajibu kijana mmoja, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, kofia ya kiua imelalia sikio. Huyo ndiye Maen, wa mji wa Ibra. "Nilikuwa namtaka tangu alfajiri. Lakini kwa sauti ile, dada, hata nyumba yangu ungeichukua."

"Unanicheka?"

"Nakuogopa. Haya, utamfuga wapi? Kabatini?"

"Mfuge wewe. Mie nitakuwa nampigia simu kumjulia hali."

Maen alidhani anatania. Jioni ile ile Ghadeer akapiga.

Wakamwita mbuzi Alto, kwa sababu ya sauti yake nzito. Kila jioni ikawa hivyo.

"Mpe Alto simu."

"Anakula. Zungumza na katibu wake."

"Katibu naye kala?"

"Nimeshiba sauti yako, ruhi yangu."

"Mwongo! Umeshiba biriani ya mama yako, nasikia unavyohema."

Wakakubaliana: Ghadeer akishaimba mjini Sur, mama yake Maen atakuja Nizwa kuposa. Onyesho la Sur lilikuwa la kwanza nyumbani, na wakubwa wa opera kutoka Maskati wangekuja kumsikiliza. Likiharibika hilo, atabaki kuimba jikoni.

Wiki ya onyesho, koo likavimba. Mwalimu wake akampigia kutoka Italia, mkali kama pilipili: "Usiseme hata neno moja mpaka upande jukwaani!" Ghadeer akamwandikia Maen: *Sisemi mpaka Sur.* Maen akajibu kwa vikatuni vya kucheka.

Sasa, kesho yake nani akaingia? Binamu yake Aflah, kutoka Fanja, na wazee wake, na sinia ya halua. Wamekuja kuposa.

Bi Ghaniya akaenda mlangoni kwa mjukuu wake. Ndani Ghadeer alikuwa amejifunika taulo, kichwa juu ya beseni la maji ya moto, anavuta mvuke.

"Ghadeer, mwanangu. Aflah kaja kukuposa. Wasemaje?"

Kwao mwari akiulizwa posa akanyamaza, keshakubali. Haya zimemziba mdomo, na kimya ndilo jibu.

Ghadeer akakumbuka hilo, akapiga beseni kwa kijiko: kwa, kwa, kwa!

"Ati anapiga na ngoma!" Bi Ghaniya akafurahi, akapiga vigelegele. Ghadeer akatoka mbio, akitikisa kichwa, macho mekundu kwa mvuke. "Alia kwa furaha, maskini. Nami siku yangu nililia hivi hivi," akasema bibi. Ghadeer akamwandikia ujumbe, lakini Bi Ghaniya hakujua kusoma, na simu yake ilikuwa ya kupokelea tu, kila kinachoandikwa humo hufa humo.

Habari ikafika Ibra kabla halua haijaliwa. Maen akapiga.

"Kweli umemkubali Aflah?"

Ghadeer akagonga simu kwa kucha.

"Nijibu, Ghadeer. Neno moja tu."

Akapumua. Akagonga tena.

"Kumbe 'sisemi mpaka Sur' ndiyo kwaheri yako. Khalas." Akakata, akaifungia namba yake. Ujumbe wote uliofuata ukagonga ukuta.

Siku ya pili wazee wa Fanja wakarudi kusoma Fatiha ya kufunga posa. Kahawa ikamiminwa. Ghadeer, dirishani juu, akaona gari la Maen linasimama. Maen akashuka amenuna, akamfunga Alto getini, akageuka bila kutazama juu. Akashika mlango wa gari.

Neno moja, na Sur imekwenda. Kimya, na Maen amekwenda.

Akafungua dirisha. Mwalimu alikataza kusema. Kuimba hakukutaja.

"Maeeeeen!" Sauti ikapanda, ikavuka mitende, ikasimamisha baiskeli. "Sijakubali! Nilikuwa naumwa kooooo! Ninayemtaka ni weweeee!"

"Meeee," akaitikia Alto, kwa sauti ya pili.

Kikombe cha kahawa kikamtoka mzee mmoja mkononi. Bi Ghaniya akatazama juu. "Basi mbona jana ulinyamaza, mtoto weye?"

Aflah ndiye aliyesimama wa kwanza, uso umemng'aa. "Alhamdulillahi. Bibi, mimi usingizi wangu mwepesi. Huyu hatuwezani."

Na Maen? Maen alikuwa amekaa chini vumbini pamoja na mbuzi, na kanzu yake ya pasi, anacheka huku anafuta macho. "Nimesikia, habibti! Na Ibra wamesikia! Sasa nyamaza, una Sur!"

Sur aliimba kwa gauni la kijani lenye mikono mirefu. Wimbo mmoja akauacha, koo lilikataa; nyengine zikapaa, na wakubwa wa Maskati wakamwita tena. Maen alikaa mstari wa mbele, akipiga makofi hata mahali pasipopigwa makofi.

Mama yake akaja Nizwa na sinia yake. Bi Ghaniya akasimama mlangoni.

"Maen kaja kukuposa. Wasemaje?"

Kimya. Safari hii haya zilimshika kweli. Shavu lilimwaka, na sauti iliyotikisa Sur haikuonekana.

"Wallahi sikipokei tena hicho!" Bi Ghaniya akapiga mlango kwa fimbo. "Sema kwa mdomo wako!"

Sebuleni Maen akaacha kutafuna.

"Nimekubali, bibi," akasema Ghadeer, taratibu, chini kabisa, kwa sauti ambayo hakuna soprano aliyewahi kupigiwa makofi kwayo.

Maen aliisikia kutoka kiti cha nyuma.