Vitundu vya Urembo

Habari hii nimepewa na mjukuu wangu mshonaji, juzi mchana, alipokuwa ananitungia uzi kwenye sindano. Ya upande wa mwanaume aliniambia mwanaume mwenyewe alipokuja kunisalimu, naye alisimulia akitazama sakafu.

Walikutana kwenye duka la kompyuta, limejaa watu. Mjukuu wangu alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, vifungo vya dhahabu toka shingoni hadi kiunoni. Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokubali pasi, alimwona akamsahau mteja aliyekuwa naye.

"Karibu, dada. Nikupe ipi?"

"Yenye sauti, kaka. Nataka kufuata masomo ya kukata suti, na cherehani zetu zina kelele kama mashine ya kusaga."

Akaletewa laptop ya kijivu, yenye vitundu vidogo vidogo vimepangwa kando ya herufi, huku na huku. Akavipapasa. "Sauti inatoka hapa?"

Vile vitundu vilikuwa urembo tu. Havikupenya hata upande wa pili. Spika zenyewe zilikuwa chini, tumboni. Kijana alijua. Lakini binti alikuwa anatabasamu, na ulimi hauna mfupa.

"Hapo hapo, mrembo."

Wakapeana namba, na mapenzi yakakolea.

"Umekula?" binti anauliza kwenye simu.

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Mwone! Maneno hayo umewauzia wangapi?"

"Wewe tu, laazizi. Ndiyo maana biashara hailipi."

Sasa mshonaji atafanyia kazi wapi kama si juu ya vitambaa? Laptop aliiweka juu ya lundo la vitambaa, tumbo likazibwa, sauti ikafifia. Yeye akajua ni vumbi la nyuzi limeingia kwenye vitundu. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote akavizibua kimoja kimoja, kwa subira ile ile ya kutarizi. Sindano ikamteleza, ncha ikavunjikia kati ya herufi, mashine ikazima.

Akaipeleka dukani. Tajiri wa duka alipoikagua, akapiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Dada amezibua mapambo!"

Watu wakacheka. Mwingine akashika mbavu.

"Nani alikwambia sauti inatoka hapa?" tajiri akauliza.

Binti akamtazama mpenzi wake. Kijana akatazama viatu vyake. "Wateja wengine hujisemea tu," akasema.

Binti akakunja kompyuta yake, akatoka. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

Simu zikapigwa, hazikupokelewa. Kijana akamfuata kwenye chumba cha kushonea.

"Mpenzi, kosa ni la waliotengeneza. Kwa nini watoboe vitundu visivyo na kazi? Huo si uongo? Hata vifungo vya gauni lako la bluu havifunguki, zipu iko mgongoni."

Binti akaweka mkasi mezani. "Uliponiuliza habari za vifungo, nilikujibu nini?"

"Ulisema ni urembo."

"Basi. Kitundu hakikuniambia kitu, uliniambia wewe. Na hilo ningelisamehe, mtu akipenda husema ovyo. Ila nilichekwa, ukanikana mbele yangu. Nenda."

Akaenda. Kesho yake, duka limejaa, akasimama katikati.

"Yule dada hakujisemea," akasema kwa nguvu. "Mimi ndiye niliyemdanganya, halafu nikamkana."

"Unanifukuzia wateja, wewe!" tajiri akafoka. "Vua kitambulisho, nenda kwenu!"

Akaenda, wala hakumpigia binti simu kujisifu. Binti alisikia kwa mama mmoja aliyeleta sketi ipunguzwe, mama huyo alikuwepo dukani. Sketi ikabaki mezani, simu ikapigwa.

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwa mama. Naona aibu kutoka."

"Njoo na hiyo aibu yako."

Mvua ilikuwa inanyesha. Akafika amelowa, lile shati jeupe limegandia mabegani.

"Nataka kukuoa," akasema pale pale mlangoni, "ila naona aibu kuomba. Kazi sina, na uso sina."

"Na mimi naona aibu kukubali upesi hivi. Watu watasema sina akili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utaenda kwa mama yangu, na ya dukani utayasema yote mwenyewe, usiruke hata moja. Akikukubali, nami nimekubali. Sasa kaa, utapata homa."

Akakaa kwenye benchi. Binti akamfunika kwa shuka. Mvua haikumleta mteja, na kijana, ambaye usiku wa kuamkia siku hiyo hakufumba macho, akalala akiwa amekaa, kiganja kimefunika uso. Binti akakishusha taratibu. Kikarudi pale pale. Akamwacha nacho, akazima cherehani, akalaza kichwa juu ya mkono wake mwenyewe, na usingizi ukamchukua.