Mgongo wa Mkwe

Jumamosi, tarehe kumi na moja, mwezi wa Novemba, mwaka wa 2023, gari dogo jeupe lilikwama katikati ya mto mkavu ng'ambo ya Oltepesi. Watu watatu waliokuwa ndani yake walidhani kwamba shida yao ilikuwa mchanga tu.

Dereva alikuwa Obura, karani wa kiwanda, aliyekuwa amepanga nyumba Kitengela. Kando yake aliketi mkewe, Dolphine. Kwenye kiti cha nyuma aliketi mama mzazi wa Dolphine, Mama Dinah, aliyekuwa amefika kutoka Yala siku chache tu zilizopita. Hakukaa nyuma kwa sababu ya mizigo. Katika desturi yao, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na mwili wa mmoja haugusi mwili wa mwenzake. Kwa miaka yote ya ndoa ile, Obura alikuwa amemsalimu Mama Dinah akiwa amesimama mbali kidogo, ameinamisha kichwa.

Walikuwa wakienda kwa Immaculate, mdogo wake Dolphine, aliyekuwa mwalimu katika shule moja mbali na lami. Immaculate alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yake alikuwa amemwahidi kwamba mikono ya kwanza kumpakata mtoto huyo itakuwa yake.

Safari ilipangwa kwa uangalifu, na huo ndio uchungu wake. Mama Dinah alichagua Novemba kwa sababu palizi ilikuwa imekwisha shambani kwake. Akachagua pia saa ya kuondoka. Kwao Yala mvua hupiga alasiri, baada ya jua kuwaka vizuri, kwa hiyo mtu mwenye akili husafiri asubuhi na alasiri humkuta chini ya paa. Obura naye alitazama simu yake kuona hali ya hewa ya kule kwa Immaculate, akakuta jua tupu. Wakamwacha mtoto wao, Brayo, kwa jirani yao Mugure, wakaondoka alfajiri.

Kitengela kulikuwa kukavu. Walipofika Kiserian, chini ya milima, Dolphine aliona wauza mboga wakifagia maji mbele ya vibanda vyao, na lori la mawe likiwa limezama kwenye tope karibu na machimbo.

“Baba Brayo, huku kumenyesha usiku,” alisema.

“Hiyo ni mvua ya huku,” Obura alijibu. “Tunakoenda ni jua.”

“Na imeshanyesha, imekwisha,” Mama Dinah aliongeza kutoka nyuma. “Mpaka alasiri tena.”

Waliteremka bondeni, joto likapanda, udongo ukageuka mweupe na vumbi likaingia madirishani. Mvua ya Kiserian ikasahaulika. Hakuna aliyejiuliza maji yale ya milimani yalikuwa yakiteremkia wapi.

Ndipo magurudumu yalipozama. Obura na Dolphine walishuka, wakachimba kwa mikono, wakatandika matawi ya miiba chini ya matairi. Mama Dinah alibaki ndani, amefungua mlango apate hewa. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

Dolphine alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Alisikia harufu ya udongo uliolowa mahali ambapo hapakuwa na tone la maji. Kisha ukaja mngurumo, mzito, kama lori lililopakia mawe likipanda mlima.

“Tokeni!” Obura alipiga kelele. “Mto unakuja! Tokeni!”

Alikimbilia mlango wa nyuma, akageuka, akapiga magoti mchangani. “Mama, panda mgongoni. Haraka.”

Mama Dinah alimtazama kana kwamba amemtukana. “Mgongoni kwako? Mimi ni mama wa mke wako, Obura. Ondoka hapo. Dolphine atanishika.”

“Mama, tafadhali! Maji hayo!”

“Dolphine! Njoo, mwanangu!”

Muda ulipotea hapo, muda mfupi sana, lakini ulitosha. Dolphine alimshika mama yake mkono, wakaanza kutembea kuelekea ukingo wa ng'ambo, ambao ndio uliokuwa karibu zaidi, mzee akivuta mguu wake wenye baridi yabisi, na Obura akiwafuata nyuma huku amenyoosha mikono asiyothubutu kuitumia. Maji yalitokea kwenye kona ya mto yakiwa ukuta wa kahawia, yamebeba magogo, povu na mbuzi aliyekufa. Yaliwapiga magotini, kisha kiunoni. Dolphine aliteleza. Mkono wa mama yake ukamtoka.

Obura alimshika mkewe kwa nguo na kumtupa juu ya ukingo. Kisha akakimbia kando ya maji akiita. Alimkuta Mama Dinah chini kidogo, amenaswa kwenye mizizi ya mgunga, macho wazi, mguu mmoja umepinda chini ya goti. Hapo hakuomba ruhusa. Alimkamata kwapani na kumvuta hadi nchi kavu, kisha akasogea mbali na kuinamisha kichwa, kama aliyevunja kitu cha mtu mwingine.

Walipotulia, gari halikuwapo. Simu, mtungi wa maji na mkoba wa nguo za mtoto vilikuwa vimekwenda nalo. Mto ulikuwa kati yao na barabara ya lami. Mbele yao kulikuwa na uwanda wa vichaka na mawe, na mbali sana kilima chenye mnara wa simu. Shule ya Immaculate ilikuwa chini ya kilima hicho.

Dolphine alifunga mguu wa mama yake kwa fimbo mbili na kipande cha leso. Mzee hakulia, ila alipopumua alijishika mbavu.

“Niko na kiu,” alisema.

“Yale ya mto ni tope, Mama. Ngoja kidogo,” Obura alisema.

Alichimba shimo mchangani, hatua chache kutoka ukingoni, na maji yakachujuka polepole, meupe kuliko ya mtoni. Dolphine aliokota chupa ya plastiki iliyoletwa na mafuriko, akaisuuza, akaijaza. Mama yake akanywa kwanza.

Jua lilipopanda, vivuli vya miti vikawa vyembamba kama nyuzi. Obura alikuwa amesimama akiutazama mnara.

“Tukikaa hapa joto litatumaliza,” alisema. “Mto huu sijui utapungua lini.”

“Nyinyi endeni,” Mama Dinah alisema. “Mtarudi na watu.”

“Hatukuachi hapa na fisi,” Dolphine alisema. “Nitakubeba mimi.”

Alijaribu. Alikwenda mwendo mfupi tu, wakaanguka wote wawili, na safari hii mzee alilia kwa sauti. Obura aligeuza uso.

“Obura,” Mama Dinah aliita hatimaye. “Inama.”

“Mama?”

“Nimesema inama. Mungu anaona hali yetu.”

Alipiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo, na Dolphine akamfunga mama yake mgongoni mwa mumewe kwa leso zake mbili, kama wanawake wanavyofunga watoto. Kisha wakaanza kutembea, mnara mbele yao, Dolphine akitangulia kupasua njia kati ya miiba.

“Mgongo gani huu, mifupa mitupu,” Mama Dinah alisema baada ya muda. “Dolphine, humlishi mume wako?”

“Anakula kama watu wawili, Mama. Sijui chakula huenda wapi.”

“Kinaenda mdomoni. Mtu wa maneno mengi hanenepi.”

Obura alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kwa ukavu wa koo. Walisimama chini ya kichaka, wakagawana maji. Mzee alikataa sehemu yake. Akasema waliobeba wanywe kwanza.

Walipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliongea karibu na sikio la mkwe wake, na kwa mara ya kwanza Obura alihisi pumzi ya mama huyu shingoni mwake.

“Ningekubali kule mtoni,” alisema.

“Nyamaza, Mama. Pumzika.”

“Ulipiga magoti vizuri. Niliona.” Akapumua kwa shida. “Mwambie Immaculate mtoto asimfunike sana. Huku si kama Yala. Huku ni joto.”

“Utamwambia mwenyewe. Mnara ni huu hapa.”

Baada ya hapo mkono wa mzee uliokuwa umeshika bega la Obura ulilegea na kuanza kubembea, na shingo ya Obura haikuhisi tena pumzi. Hakusimama. Alijua kwamba akisimama, Dolphine ataketi chini na hatainuka.

“Mama amelala?” Dolphine aliuliza bila kugeuka.

“Amelala.”

Dolphine aligeuka. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akaurudisha polepole ndani ya leso, kama afanyavyo mtu anayemfunika mtoto.

“Twende,” alisema.

Jua lilikuwa limeanza kulala waliposikia kengele za mbuzi. Mwanamke wa Kimaasai alikuwa akisukuma punda aliyebeba mitungi ya maji. “Supa,” Dolphine alimsalimu kwa Kimaasai. Mwanamke yule aliwatazama wote watatu, akaelewa, akachukua maji na kumnywesha kila mmoja wa wale wawili kwa mkono wake. Alipotaka kufungua leso, Obura alitikisa kichwa. Alitaka kufika.

Immaculate alitoka nje ya nyumba yake ya shule akiwa ameshika tumbo. Alimwona shemeji yake akija polepole uwanjani, na mama yake mgongoni. Akaziba mdomo, akaanza kucheka kwa mshangao na aibu.

“Mama! Yaani leo umekubali kubebwa na mkwe?”

Obura alipiga magoti mbele yake, na Dolphine akaanza kufungua leso.

Mtoto alizaliwa kabla ya mazishi, na mikono ya kwanza kumpakata ilikuwa ya Dolphine. Alimfunika kwa kitambaa chepesi. Msichana huyo anaitwa Dinah. Kule Yala, wazee waliuliza kwa ukali ni nani aliyemruhusu mkwe kumbeba mama mkwe. Obura aliinamisha kichwa. Dolphine ndiye aliyesimama.

“Ni mama mwenyewe,” alisema. “Alichelewa tu kumruhusu.”

Mzee mmoja akasogea kwenye benchi ili Obura apate kukaa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usiifungie habari hii nyumbani kwako. Nchi yetu ni kubwa, na mvua ya kwenu siyo mvua ya kila mahali. Msimulie anayefunga mizigo, naye aulize mvua ya jana usiku ilinyesha wapi na maji yake yanapita njia gani. Kisha mwambie azungumze na wazee wake kabla ya kuwasha gari, wakubaliane mapema, wakiwa bado mezani wanakunywa chai, ni nani atakayembeba nani.