Goti la Mchezaji wa Marekani

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Nasriya alikwenda kwa rafiki yake Shaikha, nyumba ya tatu kutoka kwao, hapo Matrah, Omani. Ilikuwa mwaka 1969. Shaikha alikuwa ameanguka ngazini na kuumia goti. Muuguzi, Bi Mahbuba, alimwamuru alikunje na kulinyoosha mara hamsini kila siku, naye Shaikha aliyachukia mazoezi hayo kama shubiri.

Ili kumchangamsha, Nasriya alimsomea gazeti la picha kutoka Marekani. Kiingereza alikijua kidogo tu, tangu shuleni Unguja.

"Mtazame huyu! Kavaa kofia ngumu, kakumbatia mpira uliochongoka kama tende!"

"Wanaucheza kwa mikono?" Shaikha alicheka.

"Ndiyo. Naye aliumia goti kama wewe. Alilala tu mwaka mzima, likapona. Sasa ni mwigizaji wa sinema."

"Alilala tu?"

"Alilala tu," alijibu Nasriya, ingawa sentensi ile hakuielewa hata kidogo.

Basi Shaikha akaacha mazoezi kwa siri. Wiki mbili baadaye goti lilikuwa limekakamaa, hata kusimama hawezi. Mama yake alilia.

Nasriya hakulala vizuri. Asubuhi alilichukua gazeti, akaenda kwa Bi Mahbuba.

"Bi Mahbuba, nimemwambia Shaikha uongo, kwamba huyu alipona goti kwa kulala tu. Hapa sikupaelewa, nikapajaza mwenyewe."

Bi Mahbuba alisoma polepole. "Alifanya mazoezi kila siku, huku akilia kwa maumivu. Akarudi uwanjani, akacheza miaka miwili. Alipostaafu akajifunza kuigiza, akaanza kwa kufagia jukwaa. Haya, twende ukamwambie mwenyewe."

Nasriya alieleza yote, macho chini. Shaikha alimtupia mto, kisha akacheka.

"Adhabu yako, utafanya mazoezi na mimi. Hamsini!"

Walikunja magoti pamoja, wakiguna na kucheka, siku baada ya siku. Katika mwezi wa tatu wa mazoezi, Shaikha alitembea mwenyewe mpaka sokoni.

Siku hiyo Bi Mahbuba aliwanunulia halua, akasema: "Nnataka mnisikilize, wanangu. Yule bwana hakufika uwanjani wala kwenye sinema kwa kulala, alifika kwa jasho. Nawe Nasriya, usiloelewa sema hulijui. Hakuna atakayekucheka. Uongo mdogo ulikuwa karibu umnyime mwenzio mguu."

"Nimekoma, Bi Mahbuba," alisema Nasriya, akamkatia Shaikha kipande kikubwa zaidi.